Njia Isiyo na Pa Kupishana

Nilizaliwa Masasi, upande wa Mkomaindo, mahali ambapo ukitaka maji unamtuma mtoto naye anarudi kabla chungu hakijapata moto. Baba yangu aliuza nguo na chumvi, na mimi ndiye niliyekuwa nikipanda uwandani kwa Wamakonde kununua nta na mpira wa mwituni. Huko ndiko nilikooa. Kwa desturi yao, ambayo kwetu Wayao si ngeni, mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Nikajikuta mkazi wa juu, mbele kidogo ya Makote, katika kijiji ambacho maji yake yako chini ya genge.

Jambo hili watu wa kwingine huwa hawaliamini, kwa hiyo nilieleze. Uwanda ule ni mchanga mwekundu na vichaka. Mvua inanyesha vizuri tu, lakini mchanga unaimeza saa ileile. Hakuna mto, hakuna bwawa, hakuna hata dimbwi la kunywesha kuku. Maji yote yaliyomezwa juu hutokea chini, kwenye chemchemi za miguuni mwa genge. Mwanamke akitoka umande haujakauka, anarudi jua limemsimama kichwani, na mtungi wake ameutia majani ili maji yasirukeruke. Hayo ni ya kupikia, ya kunywa na ya wageni. Kuoga, watu waliteremka.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiuliza bila haya kwa nini watu wenye akili timamu wakae mbali na maji kiasi hicho. Jibu nililipata kwa mama mkwe, ingawa hakuwahi kunijibu. Alipokuwa mtoto, familia yao ilikaa bondeni, kando ya maji, na Mazitu, wavamizi wa Kingoni, walipopita huko wakichoma na kuteka watu, mama yake alimkimbiza mgongoni hadi juu. Waliobaki chini hawakuonekana tena. Huyo mama yake alizikwa nyuma ya nyumba tuliyokaa sisi, na mama mkwe alikuwa amekwisha kuwaonyesha watu mahali pake mwenyewe, ubavuni mwa mama yake, akapapanda mbaazi ili pasiote kichaka. Bondeni hakutaka kuishi, na zaidi ya hapo, hakutaka kuzikwa.

Nasema hakuwahi kunijibu kwa sababu hatukuruhusiwa kusemezana. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawaonani uso, hawatajani, hawali pamoja. Wakielekea kukutana njiani, wa kwanza kusikia anakohoa, mwanamume anaingia kichakani na kugeuza mgongo, mwanamke anavuta nguo usoni na kupita. Akiwa na neno la kuniambia, mama mkwe alimwambia kuku. "Wewe kuku," alisema upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "paa lenyewe linavuja, na wewe unakula tu." Nilipanda juu na kuziba paa. Nilimjua kwa visigino, kwa kikohozi na kwa sauti, na uso wake sikuwa nimeuona.

Wala si yeye tu. Dada zake wote, na binti za mama zake wadogo, walikuwa wakwe zangu vilevile. Katika kijiji kilichojengwa na ukoo wa wanawake, mwanamume aliyeoa pale anazungukwa na wakwe kila upande. Nilitumia sehemu kubwa ya ujana wangu nikiwa nimesimama vichakani nikitazama majani.

Desturi ina mlango wa kutokea. Mtoto wa kwanza akizaliwa, mkwe anapeleka zawadi, mama mkwe anaipokea kwa mikono yake, wanatazamana, na tangu hapo yule ni mwanawe. Sisi hatukuufikia mlango huo. Mimba mbili zilimtoka mke wangu, zote kiangazi, zote akiwa anapanda genge na mtungi kichwani. Kule mtu huitwa kwa jina la mwanawe, Baba fulani, Mama fulani. Mimi niliitwa Mkwe, na mke wangu aliitwa kwa jina lake la utoto, kama msichana. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kusema. Mama yake hakuacha kuwaambia kuku kwamba, kabla hajafa, alitaka kumwita mtu mjukuu.

Halafu ikaja Vita ya Majimaji. Sitaisimulia, wapo walioiona kwa karibu. Masasi iliungua, nyumba ya baba yangu ikiwemo, na baada ya moto ikaja njaa, na baada ya njaa wakaja simba waliokuwa wamezoea kula watu. Wanawake hawakuenda tena majini peke yao. Sisi wanaume tuliwasindikiza kwa mikuki, mbele sana au nyuma sana, kulingana na nani alikuwa mkwe wa nani.

Vita ilipotulia, Mdachi wa boma la Newala alitaka watu aweze kuwaona. Watu wa vichakani walimkera. Akida, mtu wa pwani aliyevaa kanzu safi katika vumbi lile, sijui kwa uchawi gani, alileta habari kwamba vijiji visivyo na maji vitateremshwa bondeni, vipangwe kando ya barabara. Kijiji chetu kilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Siku hiyo mama mkwe hakumwambia kuku kitu. Nilimsikia anapalilia ile mbaazi, jembe likigonga chini kwa hasira.

Nimtendee haki Mdachi. Hakukurupuka. Alisema atakuja mwenyewe kutazama kama kuna namna nyingine, na akaja, mtu mwembamba mwenye shingo iliyoungua jua, na mimi nikawa mkalimani, kwa kuwa Kiswahili cha akida hakikufika masikioni mwa wazee wetu, na Kimakonde chao hakikufika masikioni mwake. Sikumpenda, lakini nilipenda namna alivyoitazama kazi. Alilichukua tatizo akalizungusha, kama mnunuzi anavyozungusha donge la mpira kuona kama limetiwa mchanga ndani. Nilikuwa mtu wa biashara, na hilo nililielewa.

Kwanza alitaka kisima hapo hapo juu. Tulichimba. Mchanga ulikuwa mkavu juu, mkavu katikati, na mkavu kila tulipofika, kuta zikiporomoka juu ya wachimbaji. Kamba iliisha kabla ya mchanga. Tukafukia shimo kwa kuogopa watoto.

Kisha alionyeshwa jinsi tunavyokinga mvua. Unafunga kamba ya nyasi kwenye shina la mti, unauacha mwisho wake uning'inie kwenye mtungi, na maji yanayoteremka kwenye gome yanafuata kamba hadi ndani. Hili lilimfurahisha, akauzunguka mti mara kadhaa. Akauliza mtungi ukijaa kunakuwaje. Wazee wakasema unaweka mwingine. Akauliza kiangazi kunakuwaje. Mzee mmoja akamletea maji ya mvua yaliyolala kwenye shimo la udongo, aonje. Yalikuwa na viluwiluwi. Alionja, nampa sifa hiyo, kisha akatema pembeni.

Alipotaja punda, tulimwambia wanakufa kwa mbung'o. Hakuamini, akaleta mmoja, akafa.

Mwisho alitaka kuipima njia yenyewe. Tukashuka naye. Njia yetu ya zamani inapindapinda kwenye vichaka, inaenda kulia, inarudi kushoto, na kila baada ya hatua kadhaa kuna kijipenyo pembeni, kinachoishia kwenye majani. Mdachi alipandwa na hasira. "Waulize," aliniambia kwa Kiswahili chake kizito, "njia hii ilikatwa na walevi?" Niliwauliza. Wazee walicheka kwa adabu. Naye akatazama genge, akaona ufa.

Ufa ule ulikuwepo siku zote. Jabali limepasuka kutoka juu hadi karibu na chemchemi, limenyooka, na ndani yake mna kivuli. Tulikuwa tukitupia humo takataka. Mdachi alisema ufa ukisafishwa na kuchongwa vidato, mwanamke atakwenda na kurudi kwa muda usiofika nusu ya ule wa zamani, na simba hawezi kumvizia kwa sababu hakuna kichaka. Kijiji kikiitumia njia hiyo, kibaki juu. Kisipoitumia, bondeni. Nilipofasiri maneno hayo wazee walipiga makofi. Hata mimi nilifurahi. Nilimwazia mke wangu akipanda kivulini, bila kupindapinda, akiwa na mimba ya tatu, na safari hiyo ikashika.

Tulichonga kiangazi kizima. Tulikuwa wanaume watupu mle ndani, tukiimba, tukipitishiana mawe mkono kwa mkono, mgongo wa mtu ukigusa jabali la huku na kifua kikigusa la kule. Wembamba wa mahali ulitupendeza. Tuliuona ni uimara. Chakula wanawake walikiacha juu na kuondoka. Na katika siku zote zile, miongoni mwa wanaume wote wale, ambao kila mmoja alikuwa mkwe wa mtu na amelelewa na desturi ile tangu tumboni, hakuna hata mmoja aliyejiuliza: humu ndani, mtu akisikia kikohozi, ataingilia wapi?

Jibu lilipatikana asubuhi ya kwanza. Jirani yangu mmoja, mtu mnene, alikuwa anashuka na mkuki wake kuwatangulia wanawake wa kwao. Katikati akasikia kikohozi kutoka chini. Alikuwa mama mkwe wake, aliyewahi mapema na sasa anapanda na mtungi uliojaa. Akageuka arudi juu. Juu nako kikohozi, dada wa mama mkwe anashuka. Yule bwana alipanda ukuta. Hatujui alishika nini, lakini alipanda, akaning'inia hapo uso jabalini huku miguu ikitapatapa, na mmoja wa wale mama, kwa kuona aibu ya kutazama, alifunika macho na kuangusha mtungi. Kijiji kizima kilicheka hadi jioni. Kesho yake wanawake wote walirudi kwenye njia ya zamani, na zile penyo za pembeni ambazo Mdachi alidhani ni za walevi, tukaziingia tena.

Kicheko kilikwisha akida alipopita na kuuona ufa una utando wa buibui. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba Bwana Mkubwa atarudi kabla ya mvua. Atakachokiona ndicho atakachokiamini.

Tukakaa baraza. Mabaraza yetu yalikuwa marefu, na mimi ni mtu wa subira fupi, lakini yale yaliniumiza kichwa kuliko yote. Mmoja alisema asubuhi iwe ya wanawake na mchana wa wanaume. Akaulizwa simba watafukuzwa na nani asubuhi. Mwingine alisema tupanue ufa. Tulikwenda kujaribu, jabali likavunja shoka. Mwingine akashauri kila anayeingia aimbe jina la ukoo wake kwa sauti ili wengine wasubiri. Tulijaribu hilo pia, na ikawa mwanamke anasubiri juu na mtungi mtupu hadi anasinzia. Mzee mmoja akasema kinyonge kwamba pengine desturi yenyewe ingelegezwa. Wanawake walikuwa wamekaa kando, na ilijulikana wazi: mtu akiufungua uso huo kabla ya mtoto kuzaliwa, amelifunga tumbo la binti yake. Kila mmoja pale aliijua familia ambayo hilo liliwakuta.

Mimi sikuwa na hakika kama ni kweli. Mke wangu alikuwa na hakika.

Usiku sikulala vizuri siku zile. Niliyaweka mambo mezani kama nilivyomwona Mdachi akifanya. Bondeni kuna maji, mke wangu hatapanda genge, mimba itashika, na mama yake atakufa kwa kihoro. Juu kuna kaburi na mbaazi, na genge. Nikipima upande mmoja, mwingine unapanda. Nilimwambia mke wangu kwamba bondeni huenda kungetufaa sisi wawili. "Mama ameshasikia," akasema. Ukuta ulikuwa mwembamba. Niliona aibu, na niliwaonea hasira wote wawili, na Mdachi, na mchanga ule.

Mdachi alifika mawingu yakiwa yameanza kupanda upande wa Ruvuma. Alilala kijijini kwenye hema lake, na asubuhi akataka kushuka kwa njia yake mpya. Nilitangulia mimi, akafuata akida, akafuata yeye, na nyuma yake askari. Ufa ulikuwa mtupu. Nilisikia nyayo zetu tu. Akida alikuwa ananihemea shingoni, akiniuliza kwa mnong'ono wako wapi hao wanawake, nami nikinong'ona kwamba wako njiani, nikijua wako kwenye njia gani.

Tulipofika katikati, nikasikia kikohozi kutoka chini.

Nilikifahamu. Ningekifahamu sokoni penye watu elfu. Nikasimama, na akida akanigonga mgongoni. Hapakuwa na pa kurudi, maana nyuma yangu palikuwa na kanzu, na nyuma ya kanzu palikuwa na serikali. Nikageuza uso jabalini na kufumba macho. Hatua zikapanda polepole, za mtu mzee mwenye mzigo, zikasimama karibu yangu kiasi kwamba nilisikia maji yakichezacheza chini ya majani.

"Nitazame," alisema.

Hakumwambia kuku. Nikafumbua macho. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na uso wake, pamoja na ndonya, kile kipande cha mti cha mdomoni, ulikuwa uso wa mke wangu uliokauka. Hakuwa amevuta nguo. Aliinua mkono, akasogeza majani kwenye mtungi bila kuuteremsha kichwani, akachota kwa kata ndogo aliyoishika, akaninyooshea. Zawadi ilipaswa kutoka kwangu kwenda kwake, na kwa sababu ya mtoto. Mzigo ulikuwa mzito. Nilielewa anachokitoa. Nilielewa pia kwamba nisipopokea, atasimama pale hadi aanguke.

Nikapokea, nikanywa. Yalikuwa baridi.

"Sasa pita, mwanangu," alisema, akajibanza ubavu jabalini, na mimi nikajibanza ubavu wangu, tukapishana nguo zikigusana. Alimpa akida maji pia, na Mdachi. Mdachi alikunywa akatabasamu, akaniambia nimfasirie kwamba amefurahi kuona njia inatumika. Nilimwambia mama mkwe, "Shikamoo mama, Bwana Mkubwa anashukuru." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake. Akaitikia, "Marahaba," akaendelea kupanda.

Kijiji hakikuhamishwa. Akida alihamishia macho yake kwingine, kuelekea Chidya, na Mdachi akaondolewa bomani, na aliyekuja baada yake hakuuliza habari za maji. Baada ya siku ile akina mama wengine, si wote, walianza kupita ufani na kuwapa wakwe zao maji. Walioogopa kwa ajili ya binti zao walibaki na njia ya zamani, na hakuna aliyewalaumu. Jirani yangu mnene hakuingia tena mle kwa sababu nyingine.

Mke wangu alilia alipoambiwa. Kisha akakaa bila kusema na mama yake hadi mvua zikaisha, wakikaa nyumba moja, wakipikia jiko moja. Walipopatana sikuwepo, nilikuwa Masasi kununua chumvi, na nilipowauliza kilichowapatanisha waliniambia nile kwanza.

Mtoto hatukupata. Sisemi ni kwa sababu ya kata ile ya maji, na sisemi si kwa sababu hiyo. Genge liko palepale, njaa ilipita, miili ina mambo yake. Ila najua kwamba mama mkwe aliamini, na akanyoosha mkono huku anaamini. Hilo nimejaribu kulipima mara nyingi, na sipati cha kuweka upande wa pili.

Baada ya hapo tuliongea kila siku. Ikawa kama maneno ya miaka yote yalikuwa yamekingwa mahali. Alinitukana uso kwa uso kuhusu paa, nikamjibu, tukacheka. Kuku walipumzika.

Alikufa kiangazi, alfajiri, nyumbani mwake, juu. Wanawake waliokuja kumwosha walikuta mitungi mitupu, kwa kuwa jana yake hakuna aliyekwenda majini, kila mtu alikuwa amekaa naye. Walianza kushauriana nani ateremke. Mwanamume hateki maji, huo nao ni mwiko wa aina yake. Nilichukua mtungi wake ukutani, nikashika njia ya ufani peke yangu. Kurudi nilijaribu kuubeba kichwani nikashindwa, nikauweka begani, na vidato vile tulivyochonga wenyewe vikanimwagia maji mgongoni kila nilipokanyaga. Nilisikia kikohozi mara moja, kutoka juu, nikajibanza. Alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wameikataa njia hiyo, siku hiyo ameingia kwa haraka ya maji ya kuoshea. Aliniona na mtungi, akarudi nyuma hadi juu ili nipite.

Nilifika na maji yaliyozidi kidogo nusu ya mtungi. Nikauacha mlangoni, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba na wachimbaji, karibu na mbaazi. Kupitia ukutani nikamsikia mwoshaji mmoja anauliza maji yameletwa na nani.

"Mwanawe," alisema mke wangu.